Leo Sijakusikia, Umecheza Vizuri

Shikamoo Baba. Najua hutaitikia, lakini nikianza barua bila shikamoo utanigeuzia mgongo hata huko uliko.

Nimeikumbuka redio yako. Ulikuwa ukiining'iniza kwenye mti pembeni mwa shamba la ulezi, umeivalisha sweta kuukuu la mama kwa ajili ya vumbi, betri umezianika juani tangu asubuhi. Mikono inavuna, sikio liko Dar es Salaam, ambako mwanao alikuwa beki wa kati. Jioni nikikupigia kwa simu ya mwenye duka, maneno yako ni yaleyale: "Leo sijakusikia kabisa. Umecheza vizuri."

Wenzangu walicheka sana nilipowasimulia. Wacheke tu! Uliujua mpira kuliko makocha wangu wawili watatu. Straika hutajwa akifunga. Beki akitajwa redioni, mara nyingi pameharibika.

Halafu ikaja ile Jumapili niliyojifunga. Kipindi cha kwanza tu, krosi ya kawaida, nikaupiga kichwa kwenye lango letu wenyewe. Mtangazaji akalirudia jina letu kama mtu anayenadi samaki wa Kabwe. Nilipokupigia ulisema, "Leo nimekusikia," ukanyamaza. Nami kwa ubishi wangu nikakata simu. Niliamini umenionea aibu. Krismasi sikuja, Pasaka sikuja. Nisamehe, Baba.

Ni mama aliyenieleza, tulipokwisha kukuzika. Siku ile majirani waliokuja kusikiliza mpira walitaka kuizima redio wakuepushe na aibu, ukawakemea: "Acheni! Mtoto bado yuko uwanjani." Wakaondoka mmoja mmoja, ukabaki nayo peke yako mpaka filimbi ya mwisho. Kumbe! Na mimi muda wote huo nimebeba hasira ya bure.

Sasa sikia. Nimeshatundika daluga, na magoti yananiuma kila baridi ya Juni ikiingia. Niko Katandala, nafundisha mabinti mpira. Mmoja wao ni Yustina, mjukuu wako uliyemwacha akitambaa; naye ni beki, tena mbishi kukushinda wewe. Mwaka huu amechaguliwa timu ya mkoa. Wiki iliyopita walicheza ugenini, mechi ikatangazwa redioni. Nikaitoa redio yako, nikakaa nayo nje.

Kipindi chote cha kwanza sikumsikia. Nilifurahi peke yangu kama mjinga. Cha pili, jina letu hilo! Amemwangusha mtu ndani ya boksi. Penalti. Bao. Jirani yangu, fundi baiskeli, akanyoosha mkono aizime.

"Acha," nikamwambia. "Mtoto bado yuko uwanjani."

Sauti ilikuwa yako, Baba. Nilishtuka mwenyewe.

Jioni akapiga, analia. "Baba, mimi mpira basi. Ulinisikia?"

Nilitaka kumjibu ulivyonijibu. Nikakumbuka Krismasi ile.

"Nilikusikia, mwanangu. Na nilikaa mpaka filimbi ya mwisho."

Nikajizuia nisiseme zaidi. Kisha akapenga kamasi. "Jumatatu mazoezi saa ngapi?"

Ni saa kumi, Baba. Na Jumamosi wanacheza tena. Lala salama, usiwe na wasiwasi: betri nimeshazianika.

Mwanao,
yule beki