Meno Arobaini na Tatu kwa Sita

Aabo,

Salaam aleikum. Ijumaa nilikusalimia kwa mdomo, nikiwa nimesimama nje ya ua wa makaburi. Leo nakusalimia kwa kalamu ya Yusuf wangu, ile anayoandikia namba za magari anayoenda kuvuta. Ni saa saba mchana. Zeinab amelala na jua limewafukuza hata kuku. Najua barua haifiki huko uliko. Lakini mkeo, Hooyo wangu, alipougua na mimi nikaacha shule darasa la tano, ni wewe uliyeniambia nisiache kuandika. "Andika hata saizi ya tairi, mradi mkono usisahau." Basi naandika, na kweli ni habari ya tairi.

Kwanza mjukuu wako Zeinab, kwa maana hukumwona. Alizaliwa wiki tatu baada ya sisi kukuzika. Ana lile paji lako la uso, akikasirika linakunjwa hivi hivi kama lako. Sasa ana meno mawili ya chini na anang'ata kila kitu. Juzi aliing'ata spana namba kumi na tatu akakataa kuiachilia. Yusuf akasema, "Huyu ameshaandikwa kazi."

Na Ayeyo, yule ajuza wako wa chuma, yuko hai. Nasema mapema ili usisubiri, kwa sababu nakujua, ungeuliza habari ya lori lako kabla ya kuuliza habari yangu.

Lakini ilibaki kidogo tu, Aabo.

Ulimwacha juu ya mawe, ekseli ya nyuma imekatika meno. Ukasema tungoje, ekseli nyingine ipo pale chini ya mgunga, ukipona utaifunga mwenyewe. Hukupona. Na pale chini ya mgunga zilikuwa ekseli mbili: moja ya lile basi lililofia kwetu, na moja uliyoileta kutoka Nanyuki juu ya mzigo wa kabeji. Ile ya Ayeyo uliiandika kwa chaki. Mimi mwenyewe nilikuona umeinama unaandika, kofia imeteleza nyuma, lakini sikuuliza umeandika nini wala kwenye ipi. Nilikuwa na tumbo kubwa, nilikuwa nimechoka. Wiki ya matanga ikanyesha mvua ambayo Isiolo haikuwa imeiona siku nyingi. Tulipoenda kutazama, chaki hakuna. Ekseli mbili, kutu moja, matope mamoja, kama mapacha.

Miezi ilipita hivyo. Yusuf akawa anafanya kazi kwa magari ya watu wengine, na kila akipita kando ya Ayeyo alikuwa anaangalia upande mwingine. Ndipo dereva mmoja akatuma habari kutoka upande wa Kulamawe. Lori lake limezama ndani ya laga, mchanga umefika kwenye ekseli, na limebeba mahindi ya shule. Mawingu yalikuwa yanajikusanya huko juu, na wewe unajua laga, leo ni mchanga mkavu, kesho ni mto unaobeba ng'ombe. Yusuf akaniambia, "Mama Zeinab, nitamfunga Ayeyo ekseli, nimjaribu mara moja. Akishindwa huko, namuuza vyuma, tunahama. Siwezi kulea maiti uani."

Hakusema kwa ubaya. Lakini lile neno maiti lilinikaa hapa kifuani.

Akaitwa Fundi Mutwiri. Unamkumbuka, yule Mmeru mwenye kucheka, fundi mzuri wa injini. Difu, yale meno ya katikati ya ekseli, si kazi yake ya kila siku, na alikuwa na haraka. Akapandisha ekseli moja juu ya magogo, akazungusha magurudumu mara moja, akahesabu mizunguko ya kichwa cha difu, pale inapofungwa propela, ile shafti inayotoka kwenye injini. Mara tano na karibu nusu. Akaenda kwa ile ya pili, akazungusha gurudumu mara moja, akahesabu. Mara tatu na nusu, na kidogo. Akatupa kitambaa. "Hii ya pili ni ya gari la kukimbiza bibi harusi. Tufunge ile ya kwanza."

Mimi nilikuwa naanika nepi, Zeinab mgongoni. Nikasikia hiyo hesabu, mkono ukasimama juu ya kamba.

Aabo, uliniweka pale uani na chaki tangu nikiwa sijui hata kufunga viatu. Uliniambia difu si uchawi, ni hesabu tu: propela izunguke mara ngapi ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ikizunguka mara nyingi, gari lina nguvu lakini halina mbio. Ikizunguka mara chache, lina mbio lakini mzigo utalicheka. Ayeyo alikuwa na sita na kidogo, na hata hiyo ulikuwa unainung'unikia. Sasa hawa wanataka kumpa tano na nusu, halafu wampeleke kwenye mchanga kuvuta lori la mahindi! Na nikajiuliza, wewe ungebeba ekseli ya tano na nusu, au hata ya tatu na nusu, kutoka Nanyuki juu ya kabeji za watu kwa sababu gani?

Nikaangalia ile ekseli ya pili. Upande wa kushoto gurudumu lilikuwa limezunguka. Upande wa kulia drami ya breki ilikuwa imeshikwa na kutu, haikutikisika hata kidogo.

Nikasema, "Fundi, upande ule haukuzunguka."

"Umekufa kwa kutu. Inahusu nini?"

"Inahusu nusu ya hesabu yako."

Akacheka. "Mama Zeinab, nenda utazame uji wako, unaungua."

"Uji wangu uko salama. Hesabu yako ndiyo inatoa moshi."

Nilijishangaa mwenyewe kusema hivyo, tena mbele ya mume wangu. Nikamwangalia Yusuf, nikijua akiniambia niingie ndani nitaingia. Aliingiza mkono mfukoni, akanipa chaki.

Nilikusikia wakati huo, Aabo, kama umesimama nyuma yangu. "Difu inagawa. Gurudumu moja likikataa, lile lingine linabeba mizunguko ya wote wawili. Kwa hivyo hilo moja lizungushe mara mbili ndipo uhesabu." Nikatia alama kwenye tairi, nikatia alama kwenye kichwa cha difu. Nikazungusha mara moja. Ilikuwa nzito, Zeinab anavuta shungi yangu. Nikazungusha mara ya pili, nahesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Saba. Saba na kidogo.

Fundi akasema hakubali mpaka aone meno kwa macho yake, akafungua difu yote, mafuta meusi yakamwagika mpaka kwenye viatu vyake. Akahesabu lile gurudumu kubwa la meno, akahesabu tena. Arobaini na tatu. Lile dogo, sita. Akajifuta mikono polepole na kusema, "Leo nimepigwa na mtu aliyebeba mtoto mgongoni." Na tangu siku hiyo, sijui kama ni mzaha au ni heshima, ananiita Fundi Mama.

Lakini si hayo yaliyonifanya niandike.

Unakumbuka ile safari ya Ngaremara? Nilikuwa kama na miaka minane, nimekaa kati yako na dirisha. Ulikuwa umemfunga Ayeyo tairi za 1100 kwa nyuma, kubwa, pana, ukisema sasa mchanga hautammeza tena. Na kweli hakuzama. Lakini tulipofunga mnyororo kwa lori lililojaa tulilokwenda kulivuta, akashindwa kulitoa. Alinguruma, akatetemeka, klachi ikaanza kunuka kama nywele zinazoungua. Ulizima injini ukakaa tu, mikono juu ya usukani. Halafu ukaniambia, "Tairi kubwa ni mguu mrefu, mama. Mwenye mguu mrefu anapiga hatua ndefu, lakini mbebeshe gunia uone. Nimemvalisha ajuza viatu vya askari." Tulicheka, lakini wewe ulicheka kidogo. Tulirudi, ukamrudishia zile za 900, na kila laga ikaendelea kummeza miguu.

Zile 1100 uliziweka stoo, ukazifunika magunia. Wenye malori walikuja kuziomba, ukakataa. Hooyo alikuwa anakutania kwamba wengine wanatunza picha ya harusi, wewe unatunza aibu yako. Hata mimi nilidhani ni ukaidi.

Siku ile baada ya meno kuhesabiwa, nikaingia stoo nikaondoa magunia. Mpira ulikuwa mzima. Ulikuwa ukizipaka kitu, sivyo? Nikapima kimo kwa kamba, ya 900 na ya 1100. Tofauti ni upana wa vidole vyangu vinne. Mguu mrefu unapunguza nguvu kidogo tu, na ile difu ya saba inairudisha yote na kuongeza juu yake. Nikapiga hesabu mara tatu kwenye ukuta wa stoo. Hapo nikakaa chini juu ya tairi.

Hukuwa unatunza aibu. Miaka yote ile ulikuwa unatafuta difu ya kuzistahili zile tairi. Ulikuwa umeipata. Ilikuwa uani, siku zote hizo, na wewe umelala ndani unakohoa.

Ungeniambia, Aabo. Mimi ndiye niliyekushikia chaki. Labda ulidhani wakati upo. Hata mimi nilidhani upo.

Tukamfunga difu ya saba na zile 1100 nyuma, mbele akabaki na 900. Fundi alikata kidogo mabati yaliyokuwa yanagusa. Asubuhi ya kuondoka nikamwaga maziwa juu ya tairi ya nyuma, kama ulivyokuwa unafanya, na Zeinab akalia akidhani ni yake. Yusuf akaondoka. Siku ya kwanza nikajituliza kwa kazi. Siku ya pili nikaona mawingu ya Kulamawe yamekuwa meusi, nikaunguza uji kweli.

Siku ya tatu alasiri nikamsikia kabla ya kumwona. Ile sauti nzito isiyo na haraka. Yusuf akashuka, vumbi mpaka kwenye kope, akamchukua Zeinab mikononi mwangu. Sikuweza kuuliza. Nadhani aliona. Akasema maneno mawili tu:

"Klachi haikununa wala kunuka."

Hapana, nimekosea, hayo ni manne. Yalitosha. Lori lilitoka, mahindi yalifika shuleni, na maji yalishuka kwenye laga kesho yake. Neno la kuuza vyuma halijasemwa tena hapa nyumbani. Kwenye lami Ayeyo anapitwa hata na baiskeli, na Yusuf anapungia mkono kila anayempita.

Zeinab ameanza kujigeuza, ataamka sasa hivi.

Nakuahidi jambo moja. Nimemwambia Fundi Mutwiri achukue patasi na nyundo, achonge kwenye ekseli yenyewe: 43 kwa 6. Amechonga, nimepitisha kidole, kinaingia. Na huyu mtoto akiweza kusimama nitampa chaki, nimsimamishe pale ulipokuwa unanisimamisha, nimweleze yote, mapema, hata kabla hajauliza.

Lala salama, Aabo. Usiku wa kuamkia leo mvua ilinyesha, na asubuhi nimetoka mara mbili kwenda kuangalia ile namba. Iko pale pale.

Binti yako,
Mama Zeinab