Jiwe Nje ya Ukuta

Addlestow, 9 Mei 1994

Dada yangu Mavis,

Huku hatujambo. Mvua imelaza njegere zangu zote, na kengele ya kanisa imepasuka, inalia kama sufuria. Nakuandikia nimesimama, maana kukaa nimeshindwa tangu jana.

Kasisi mpya anaandika kijitabu cha historia ya parokia. Mnara, kisima na daraja amevimaliza, sasa kakwama kwenye lile jiwe nje ya ukuta wa makaburi. Anadai ni la kale kuliko kanisa lenyewe.

"Bi Enid, wewe mzaliwa wa hapa. Hukusikia lolote?"

"Jiwe ni jiwe tu, Kasisi. Kunywa chai, inapoa."

Akacheka. "Basi Alhamisi wataalamu watachimba, tuone chini kuna nini."

Mavis, wewe ndiye uliyelisukuma kwa toroli kutoka kwenye kinu cha unga, mimi nikiwa bado kitandani baada ya kujifungua. Kasisi wa wakati ule alisema mtoto amekufa bila kubatizwa, hana nafasi ya kuzikwa ndani ya ukuta. Kila Jumapili nimepita pale bila kugeuza shingo.

Leo asubuhi nimekwenda kwa kasisi mpya, sikuvua hata koti. Nikamwambia, "Lile jiwe si la kale. Lina miaka arobaini na mmoja, sawa na binti yangu."

Kisha akachukua kalamu, akaniuliza binti aliitwa nani.

Nimemtajia jina lako. Sikuwahi kukuambia kwamba ndilo nililompa mtoto.

Mdogo wako,
Enid