Besi ya Pikapu na Shemeji Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha spika ya mlango wa kushoto wa pikapu yangu. Imefariki leo asubuhi katikati ya taarifa ya habari, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Imeacha mjane, spika ya mlango wa kulia, ambaye naye hali si nzuri — anakoroma. Mazishi ni kwenye pipa la taka nyuma ya stendi. Wenye rambirambi waje na spika.

Kusema kweli sikulia. Zilikuja na gari kutoka kiwandani, karatasi tupu, na msomaji wa habari siku zote alisikika kama amefungiwa ndani ya sufuria. Lakini nakaa ndani ya gari hili kuliko ninavyokaa nyumbani. Magodoro ya watu, saruji, makabati ya maharusi. Redio ndiyo utingo wangu, kwa sababu utingo wa kweli anataka mshahara.

Mke wangu ana jibu tayari: mpelekee mdogo wangu. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, ni fundi wa redio za magari. Kazi anaifanyia kwenye baraza ya kuomba, ubavuni mwa duka la vipuri. Nimesema nitafikiri. Mtu baki akikuharibia gari unamfokea. Shemeji akikuharibia gari unamshukuru, la sivyo unalala sebuleni.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda. Shemeji kanipokea vizuri mno, hadi nikaanza kumtilia shaka. Kanifutia kiti!

Anasema redio mpya haihitajiki. Gharama za bure. Ile ya kiwandani inatosha. Tutafute spika za mitumba zilizo nzima, amplifaya ndogo ikae chini ya kiti, halafu tuzibe milango. Kuziba milango kwa ajili ya muziki? Eti mlango wa gari ni debe tupu, besi yote inapotelea kwenye matundu. Anataka mikeka ya mpira yenye gundi. Anataka na ubao mgumu, achonge pete za kushikia spika. Nimeenda kutafuta muziki nimerudi na vifaa vya seremala.

Kisha likatoka la moyoni. Mama Matofali, yule mwenye kiwanda cha matofali na zile pikapu zote za bluu, anataka madereva wake wafungiwe sauti nzuri. Kamwambia shemeji kwamba atasikiliza gari langu kwanza. Likimpendeza, kazi yote ni ya shemeji, na shemeji atatoka barazani apange chumba chake chenye mlango na kufuli. "Shem," kaniambia, "gari lako ndilo litakalonisemea."

Kumbe kile kiti hakikufutwa kwa mapenzi. Mimi ni sampuli.

Ijumaa, 7 Machi

Spika tumezipata. Nzito, sumaku nene, hazina mpasuko. Amplifaya nayo tumeipata, ina mikwaruzo lakini inawaka.

Kipara, mwenzangu wa stendini, hajamwamini mtu tangu alipoachishwa ziwa. Kanishauri niweke alama kabla ya kuziacha kwa fundi. Eti mafundi wa sauti hupokea simba wakarudisha paka. Nikamwambia huyu ni shemeji yangu. Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyesema ana homa kidogo tu.

Nimeweka alama. Kitone cha rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nyuma ya kila sumaku. Chupa nimeitupia kwenye dashibodi. Nitairudisha.

Jumamosi, 8 Machi

Limetoka! Msomaji wa habari ametoka sufuriani. Besi inanigusa mbavu kama mtu anayenidai salamu. Nimezunguka mtaa mzima bila mzigo, mtu mzima mimi, vioo chini, nikitikisa kichwa. Watoto wamenicheka. Wana haki.

Jambo moja tu. Alipofika kwenye mlango wa kulia, shemeji kanituma maji ya kunywa. Kwa nini wakati ule ule? Na jagi nililiona, halikuwa tupu.

Jumapili, 9 Machi

Nimemweleza Kipara habari ya jagi. Kasema sauti nzuri ya siku ya kwanza ni ya kukulaza usingizi.

Mke wangu alikuwa kwa dada yake, kwa hiyo nimechukua bisibisi nikakagua mlango wa kulia mwenyewe. Alama ipo. Nyekundu, safi. Sikuharibu chochote. Mlango wa kushoto sikufungua, mgongo ulikataa. Basi kama kuna hila, iko kushoto.

Jumatatu, 10 Machi

Besi imekwenda.

Sauti ipo, kelele ipo, uzito haupo. Mwimbaji yuko kila mahali na hayupo popote. Na cha ajabu: nikizungusha kitufe sauti yote iende kulia, safi kabisa. Iende kushoto, safi. Zikilia pamoja, uji wa maji. Kama ndugu waliogombana. Kila mmoja mtu mwema ukimkuta peke yake.

Kipara kasikiliza akiwa amefumba macho, mkono kifuani, kama daktari. Amplifaya, kasema. Ile tuliyoinunua imeshatolewa, nimewekewa chovu. Nikamwuliza mbona Jumamosi ilipiga vizuri. Kasema ndio ujanja wenyewe.

Nyumbani nako moto. Mke wangu kaingia kwenye pikapu kutafuta mwavuli, katoka na chupa ya rangi ya kucha. Kaniuliza nani anapaka kucha kwenye kiti cha abiria. Nikamwambia hiyo si yako, mama? Kasema anajua ni yake, ndiyo maana anauliza.

Ningemjibu nini? Kueleza ile chupa ni kueleza kwamba namshuku mdogo wake. Nikapima haraka. Nikachagua kushukiwa mimi.

Jumatano, 12 Machi

Nimepakia matofali leo. Mama Matofali kaniita pembeni, chini ya paa la bati wanapokaushia. Mwanamke mnene, mpole, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Kaniuliza huyu shemeji yangu kama ni fundi wa kuaminika.

Nikamjibu, "Mama, yule ni shemeji yangu. Mimi sina la kusema."

Na nikainamisha kichwa kidogo.

Kanitazama. Kasema basi, amenielewa.

Nimeendesha kurudi nikijisikia muungwana. Sikumtukana mtu, sikusema uongo, sikutaja amplifaya. Heshima ya ushemeji nimeitunza. Kipara kanisifu sana, jambo ambalo lingetosha kuniamsha.

Alhamisi, 13 Machi

Chai inaletwa mezani kimya, kikombe kinawekwa kama mhuri wa mahakama. Bado ile rangi ya kucha.

Neno pekee nililopewa leo ni la shemeji. Kampigia dada yake, furaha imemjaa. Ameshaona chumba, kipo jirani na pale pale barazani, kina hadi dirisha. Mama Matofali kasema atakuja Jumamosi kusikiliza gari kwa masikio yake.

Sikumwambia mtu kuhusu besi. Nimesema moyoni: aje asikie mwenyewe. Mwizi ataumbuka mbele ya watu.

Jumamosi, 15 Machi

Besi imerudi. Sitaki kuandika.

Jumatatu, 17 Machi

Nipo kwenye foleni ya kupakia, ndani ya geti la Mama Matofali. Magari ya mbele yanakwenda polepole. Acha niandike ilivyokuwa, maana nimegundua naweza kudanganya hata hapa, ambapo hakuna anayesoma ila mimi.

Jumamosi Mama Matofali alikuja barazani, akakaa kwenye kiti changu, akafunga mlango. Shemeji alikuwa amevaa shati la kutokea. Redio ikapiga. Mama akasikiliza bila kubadilisha uso, kisha akauliza kwa upole: besi niliyoambiwa iko wapi?

Shemeji aliingia upande wa abiria, akashika kitufe. Nami nikiwa pembeni, mikono nyuma, nikisubiri haki itendeke.

Akasikiliza kulia. Akasikiliza kushoto. Akazisikiliza pamoja. Akafungua mlango wa kushoto, kitone chekundu kikanikonyeza kutoka nyuma ya sumaku. Amplifaya akaivuta chini ya kiti. Ile ile, mikwaruzo yake yote naijua. Akachukua betri ya saa ya ukutani akagusisha waya za spika ya kushoto. Spika ikajaa kwa nje, kama kifua kinachovuta pumzi. Akafungua wa kulia, akagusisha vile vile. Ikabonyea ndani. Akamweleza mama: moja inasukuma, nyingine inavuta, kwa hiyo besi zinauana. Waya za upande huu zimegeuzwa.

Kisha akainama kuangalia maungio yake. Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

Maungio ya shemeji ya kushoto yamechomwa kwa risasi iliyoyeyushwa, yamevikwa mpira mweusi, nadhifu kama kazi ya sonara. Ya kulia yalikuwa yamesokotwa kwa vidole na kufungwa kwa plasta ya kidonda.

Ukweli wa Jumapili ile ni huu. Nilipolegeza skrubu spika ilinishinda uzito, ikaning'inia, waya zikakatika kwenye maungio. Mmoja mweupe, mwingine mweupe wenye mstari. Sikukumbuka upi ulikuwa wapi. Utepe wa umeme sikuwa nao, nikachukua plasta kwenye boksi la dawa la mke wangu. Nikajaribu redio kwa sauti ya chini mke asije akarudi akasikia, ikalia, nikafunga mlango. Halafu nikaja kuandika hapa kwamba sikuharibu chochote. Na besi ilipopotea kesho yake, naapa sikuunganisha mambo hayo mawili. Au niliyaunganisha nikayaacha yapite. Mtu akishamkamata mwizi hapendi kumwachia.

Shemeji aliitazama ile plasta. Akaigusa kwa kidole, taratibu. Akanitazama mimi. Haikuwa hasira, ilikuwa kama mtu anayesoma bango lililoandikwa jina lake.

Akamgeukia mama. "Ni mimi, mama. Nilichanganya waya. Kosa langu."

Nami nilikuwa nimesimama pale pale. Mdomo ninao, ulimi ninao, vyote vinafanya kazi. Nikasema: "Mambo hayo hutokea."

Mambo hayo hutokea.

Akachoma upya, besi ikarudi, hadi kioo kikatetema. Mama Matofali akaitikia kwa kichwa, akamwambia kazi yake ni nzuri, lakini fundi anayechanganya waya kwenye gari la dada yake atafanyaje kwenye magari ya watu. Halafu, bila ubaya wowote, akaongeza kwamba hata mimi shemeji yake aliponiuliza sikuwa na la kusema juu yake. Akasema atatoa jibu leo Jumatatu.

Shemeji hakugeuka. Alikuwa anafunga skrubu.

Jana kanipigia simu. Kanishukuru kwa kumwamini na gari langu. Kaniita shemeji, neno zima, polepole, kwa adabu zote. Miaka yote hii ananiita shem. Mke wangu alikuwa karibu, akauliza mdogo wake anasemaje. Nikasema anasalimia.

Sasa nimeona jambo. Kule kwenye kivuli kuna pikapu ya bluu, mlango wazi, na jamaa nisiyemjua mwenye fulana mpya, spika miguuni, anaupima kwa futi ya kamba. Mama Matofali amesimama naye, anamsikiliza. Kipara kanipita na mzigo wake, kanyoosha kidole kule, kanipungia kama mtu aliyeshinda mpira.

Foleni imesogea. Mama kaniona. Anavuka uwanja, anakuja huku, anapangusa mikono kwenye kanga.

Nimezima redio. Nimeshusha kioo. Kichwani natafuta pa kuanzia. "Mama, yule shemeji yangu…" Hapana, huko ndiko nilikoharibia. Nianze na mimi. Mama, ile plasta uliyoiona…

Kashafika. Ameegemea mlango, ule wa kulia, anauliza kama besi bado ipo —