Kiroboto Anataka Nyumbani

Jumatatu, 3 Juni

Sijawahi kumwambia mtu: sitaki mdogo wangu arudi nyumbani. Bado. Mama anaomba atoke hospitalini wiki hii, shangazi anaomba, hata mwalimu wa darasa ananiuliza kila asubuhi. Mimi naitikia amina kwa mdomo tu.

Ni kwa sababu Mama anashinda kwenye cherehani mpaka jioni. Nikitoka shule itakuwa mimi na Kiroboto peke yetu, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Tulimpa jina hilo kwa kurukaruka kwake. Sasa ana vyuma ndani ya paja. Akianguka, ni mimi nitakayekuwepo. Na mikono yangu hii – kitabu tu ndicho inachojua kushika!

Leo amefika dirishani kwa magongo. Daktari wa mazoezi, ambaye watoto wodini wanamwita Bi Nyoosha, akampigia makofi. Kiroboto akamwambia ayaweke hayo makofi mpaka siku ya mbio.

Jumatano, 5 Juni

Bi Nyoosha amenifundisha ngazi. Kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, mgonjwa. Mimi nisimame nyuma yake, kipandio kimoja chini, kiganja karibu na mgongo bila kugusa.

"Wewe ni ukuta," akasema. "Ukuta hausukumi mtu."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ukuta gani huu unatetemeka?" Kiroboto akauliza. Sista akacheka mpaka akaegemea mlango. Nami nikacheka, kidogo.

Alhamisi, 6 Juni

Jaribio la ngazi. Akifaulu, kesho anaruhusiwa.

Bi Nyoosha alisimama juu, mimi chini. Tulipofika katikati sista akamwita Bi Nyoosha, naye akageuza shingo. Papo hapo goti likalegea – nililiona! – na mgongo wa Kiroboto ukanilalia kiganjani. Mzigo wote. Kuanzia hapo hakupanda yeye. Nilimpandisha mimi. Bi Nyoosha aliporudisha macho, tulikuwa juu.

"Safi sana!" akasema. Nilitaka kusema kitu.

Kitandani Kiroboto akaninong'oneza kwamba mguu unakufa ganzi akiukunja. Tangu juzi.

"Dada, ukisema sikuongeleshi mpaka uzeeke."

Nikamuuliza anaogopa nini. Akasema hataki kupasuliwa tena, basi.

Na mimi je? Nikisema, nitakuwa nimesema kwa ajili ya goti lake, au kwa sababu sitaki arudi? Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma. Sijui. Kweli sijui.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika kwenye benchi la korido. Pazia la kitanda chake limefungwa, madaktari wako ndani.

Asubuhi Mama aliomba ruhusa kazini, akaja na nguo za kutokea. Akamvisha huku anaimba. Akamfunga viatu. Kiroboto akawa anaaga wodi nzima kama mgombea wa uchaguzi, kila kitanda anakiahidi pipi. Bi Nyoosha akapita mlangoni.

Nikamfuata. Nikamshika koti – mimi! – nikasema, "Jana hakupanda. Nilimpandisha."

Hakunigombeza. Aliuliza goti lipi, nikamwambia, na ganzi pia. Akarudi wodini kwa haraka ambayo sikuipenda hata kidogo. Akamvua viatu, akamwambia afumbe macho aseme ndiyo kila akihisi anaguswa kidole cha mguu.

Ndiyo, akasema Kiroboto. Ndiyo. Ndiyo. Akasema ndiyo hata Bi Nyoosha alipokuwa ameshaondoa mkono.

Mama akaacha kuimba. Bi Nyoosha akatoka kumwita daktari wa upasuaji, hakufunga hata mlango. Kiroboto akafumbua macho, akanitazama mara moja, akajifunika uso kwa mto.

Mama akaniuliza nilijua tangu lini.

Niliokota viatu chini ya kitanda, nikavirudisha kwenye mfuko.