Restituta Hajakubali Kupasuliwa

Jumamosi usiku

Mbele ya jumuiya nzima ya sala!

Niliwatangazia akina mama kwamba mwanangu Restituta, mwalimu mzima, anakwenda Dar kunyooshwa mgongo uliopinda tangu usichana. Wakamwombea vizuri. Tulipomaliza tu, akasema, "Mama zangu, asanteni, ila mimi sijakubali kupasuliwa."

Nikamvuta jikoni. "Wewe, daktari si alisema inawezekana?"

"Alisema pia maumivu yanaweza kubaki. Mama, unataka nipone au ninyooke?"

Mimi nisiyeshindwa maneno mtaa mzima wa Nsemulwa, nikageukia kuosha vikombe. Nilikuwa nawaza siku akiolewa gauni la harusi limkae sawa mabegani.

Akikubali naogopa, akikataa naogopa. Lakini mgongo ni wake. Aamue mwenyewe, na atakachoamua nitakitangaza kwa majivuno yaleyale.