Kopo Chini ya Kuku Anayeatamia

Nyumbani,
Jumatano, asubuhi ya mvua.

Mpendwa mwanangu, kitinda mimba wangu,

Hujambo, mama? Baridi ya huko inakuonaje? Unakula ukiwa umeketi, au bado ni kula huku unakimbia? Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii. Baba yako anakohoa, ila si kama mwaka jana, tunamshukuru Mungu.

Ile chupa ya mafuta ya mchaichai kutoka maabara yenu ilifika bila kuvuja. Nyumba ilinukia hadi jirani akauliza kama tuna wageni. Nikamsomea baba yako maelekezo yako polepole, unajua shule yangu: mafuta kifuniko kimoja, sabuni ya maji kidogo, maji ya kujaza bomba moja la kupulizia, apulizie jioni ili ukungu usishike nyanya.

Akapulizia mwenyewe. Mwanzo wa shamba majani ni mazuri. Lakini ya mistari miwili ya mwisho, mwanangu, yamekauka kama yamepitiwa na pasi.

Muuza pembejeo akapita, akacheka hadi akashika kiuno. "Shemeji, mnatibu nyanya au mnazichemshia chai? Huo ni ukungu! Rudini kwenye dawa." Tangu hapo baba yako anadai anangoja neno lako, ila nimemwona akifunua magunia, anatafuta lile kopo lake la dawa ya unga.

Na kopo lile unalijua. Unakumbuka tulivyompepea, midomo imebadilika rangi? Daktari alisema kifua kile hakitaki tena vumbi lake. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Jana nikambana: sabuni ulitia? Akafoka, "Nyanya za watu kula, nitie sabuni? Mimi dobi?" Nikaenda kuchungulia bomba. Chini kabisa kuna utelezi, na harufu inatoa machozi. Nadhani bila sabuni mafuta yalielea juu ya maji, yakatoka yote mwishoni, yakaunguza ile mistari miwili. Nadhani tu, mama. Kama nimekosea na ni ukungu kweli, shamba lote litakwenda, na nitakuwa mimi niliyemzuia.

Simu iko mkononi mwake, ndiyo maana nakuandikia. Ukisoma hii, mpigie yeye, umwambie kama ni kuungua au ni ugonjwa. Habari ya kopo usiitaje.

Nimelificha mimi. Kulitupa naogopa, mvua itapeleka sumu kisimani. Nimelifunga nailoni mara mbili, nikalifukia chini ya kiota cha yule kuku mwekundu anayeatamia. Unamjua ukali wake, hata baba yako hatii mkono pale. Lakini leo nimesikia mayai yakigongwa kwa ndani. Akishatotoa atatoka na wanawe, na kiota kitabaki bila mlinzi. Barua hii naituma kwa basi la leo; fanya haraka, mama.

Shangazi yako mshonaji anakusalimu, na kaka yako fundi baiskeli anauliza utakuja lini. Mungu akufunike huko nisikokuona.

Wako akupendaye, aliyetega sikio bandani,
Mama