Baroni Mwenye Mabinti Watatu

Jumatatu, 10 Februari 2025

Linda amechaguliwa! Ametoka shule mbio, kiatu kimoja mkononi, hata maji hajanywa. Ndiye Baroni kwenye drama ya shule. Sio mke wa Baroni – Baroni mwenyewe! Mwalimu Aloo amesema gredi ya nne yote haina sauti kama yake. Sauti hiyo nimeifokea miaka tisa, kumbe ni kipaji.

Nikamuuliza Baroni ni mtu gani. Ati Mwingereza wa zamani sana, Sir Walter wa Hathersby, anavaa chuma mwili mzima. Chuma tutatoa wapi? Akanitazama tu, kama mtu ambaye ana mama.

Kemunto ameamka, anataka titi. Basi.

Jumatano, 12 Februari

Nimesoma skripti yote nikinyonyesha. Nilidhani ni vita tu. Huyu Walter alizaliwa mtoto wa pili, hana shamba. Akaenda kwa bwana mwingine kushika farasi na kunoa mapanga. Alipofika miaka ishirini mfalme akamgusa begani kwa upanga, akainuka akiwa Sir. Akapigana Wales, akapigana Scotland, akarudi anachechemea. Akapewa ngome ailinde. Mwishowe akaitwa kwenye baraza kuu la mfalme, ndipo akawa Baroni. Kutoka mshika farasi mpaka barazani!

Lakini ukurasa wa mwisho ndio ulinikalisha chini. Walter na mkewe Isabela walizaa watoto watatu. Wasichana watupu. Mzee yuko karibu kufa, mfalme anakuja kuuliza: ardhi yako sasa ni ya nani? Walter anajibu: mwana sina, basi ni ya mabinti wote watatu, sawa kwa sawa, ndivyo sheria yetu ilivyo.

Wasichana watatu. Linda, Bonareri, Kemunto. Nilicheka peke yangu mpaka Kemunto akaachia titi anitazame.

Halafu sikucheka tena. Mzee Obwocha, baba yake Abner, amesema atagawa shamba mwanzo wa Machi. Wana wake ni wawili, Abner wangu na kaka yake Onyiego. Onyiego ana wavulana watatu, na anasema mbele ya watu: Abner akatiwe kutoka barabarani mpaka mti wa avokado, inamtosha, wasichana wataolewa waende zao. Kutoka avokado mpaka mtoni, chai yote ile, ni yake. Mzee hajajibu neno. Abner naye mpole kupita kiasi. Na mimi ni mke wa mwanawe – nitaanzia wapi kumwambia baba mkwe habari za shamba?

Ijumaa, 14 Februari

Chuma imepatikana! Nguo ya Walter ni pete ndogo ndogo zilizoshikana. Nikaangalia kile kitambaa cha kochi nilichofuma kwa kroshe. Si ni pete zilizoshikana? Inahitaji tu uzi wa kijivu.

Orpah, mke wa Onyiego, akaleta sweta kuukuu la kijivu la mumewe. Akalitupa kwenye mapaja yangu.

"Fumua. Anasema limepotea."

"Akiliona kwenye jukwaa?"

"Atajua limepata kazi."

Jumamosi, 15 Februari

Sabato. Sifumi. Vidole vinawasha kwa kukaa bure.

Jumatatu, 17 Februari

Lazima niandike hii kabla sijasahau hata neno.

Abner yuko zamu kiwandani. Linda anataka mfalme wa kufanya naye mazoezi, mimi nina mtoto kifuani. Mzee akatokea, ati amekuja kuchukua jembe lake. Linda akamdaka babu yake: "Sokoro, leo wewe ni mfalme!" Mzee hakukataa. Akaketi kwenye gogo pale nje, fimbo wima. Linda anamsomea maneno, yeye anayarudia kwa sauti ya mkutano wa chifu.

Ikafika pale mfalme anaingia nyumbani kwa Baroni. Linda akafungua mlango wazi kabisa: "Karibu ndani, ee Mfalme!"

"Siingii."

"Lakini imeandikwa, Sokoro!"

"Imeandikwa na nani? Hii ni nyumba ya mwanangu. Baba haingii nyumba ya mwanawe. Ensoni iko, heshima ya baba na mwana, hata kwa mfalme."

"Mfalme wa Uingereza hana ensoni."

"Ndiyo maana walikuwa wanapigana kila mwaka!"

Mimi nyuma ya mlango, blauzi wazi, nimeuma leso nisicheke kwa sauti. Basi Mzee akapanga mwenyewe. Mfalme atasimama nje. Ataita. Baroni, hata kama anakufa, atatoka amjibu uani mbele ya watu. "Mambo ya shamba hayasemwi ndani ya nyumba," akasema.

Wakafika ukurasa wa mwisho. Mzee akakohoa. Akaacha sauti ya mfalme.

"Wasichana wote watatu?"

"Wote, Sokoro."

"Na walipoolewa?"

"Kila mmoja alibaki na kipande chake."

  Nikachungulia kwenye ufa – anachora chini kwa fimbo, anafuta, anachora tena. Kisha akainuka akaenda.

Jembe ameliacha.

Jumanne, 18 Februari

Orpah amekuja asubuhi, mikono kiunoni.

"Mama Linda, umetunga mchezo utupige vijembe?"

"Ametunga Mwalimu Aloo. Mtu wa ziwani. Hata mti wetu wa avokado hajawahi kuuona."

"Onyiego amenuna. Chai hajanywa."

"Pole."

"Usiniambie pole. Nimemwambia anune vizuri." Akaketi, akavuta mkono wa sweta akaanza kufumua nami.  Ndipo akasema kwao walikuwa wasichana wanne bila kaka. Baba yao alipozikwa, ndugu zake waligawana shamba, wakang'oa hata mlango wa nyumba. Mama yao alipachika gunia.

Sikujua. Miaka kumi tunachota maji pamoja na sikujua.

"Lakini usiniweke katikati," akasema. "Na mimi nina watoto."

Nikamwambia simweki. Ila pia sitaomba msamaha kwa kuzaa wasichana. Sio kwake, sio kwa Onyiego, sio kwa mtu. Akasema, "Nani amekuomba?" Akavuta uzi.

Alhamisi, 20 Februari

Mwalimu Aloo ameikubali ile ya mfalme kusimama nje! Linda alimwonyesha, akapiga meza. Ati kwao pia kuna heshima kama hiyo, mbona hakufikiria. Nilipokwenda kupima kofia akaniuliza mwelekezi wetu ni nani. Nikamwambia ni mzee mmoja hapa Keumbu, ana mbuzi watano.

Kofia ni sufuria ile iliyotoboka. Inamkaa vizuri, ila akigeuka haraka yeye hugeuka, sufuria hubaki.

Jumapili, 23 Februari

Nimeenda Nyakoe kutafuta rangi ya fedha, Kemunto mgongoni. Ngao ni kifuniko cha pipa. Skripti inasema simba. Mzee akapeleka ujumbe kupitia Bonareri: simba wa nini, mchoreni chui. Linda amechora chui. Anafanana na paka mwenye malaria. Bonareri ameongeza madoa ya bluu bila ruhusa. Vita kubwa kuliko ya Scotland. Nimewafungia rangi wote wawili, nikawatuma kuni.

Nguo imefika kiunoni. Usingizi siukumbuki vizuri.

Ijumaa, 28 Februari

Namba mbili kwenye mashindano! Wanaenda kaunti, Kisii mjini!

Nianze wapi. Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Na nani yuko benchi la nyuma kabisa, koti la Sabato, kofia kwenye goti? Mzee! Alikuja peke yake. Hakukaa karibu nami, na mimi sikugeuka mara mbili.

Linda akatoka. Hiyo nguo! Iking'aa kwenye mwanga ungeapa ni chuma. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Hiyo wamenunua Nairobi." Mimi vidole vimevimba, moyo umevimba zaidi.

Mfalme aliposimama nje ya mlango akakataa kuingia, ukumbi wote ulicheka – wazee walipiga makofi, walijua! Halafu Baroni akatoka akichechemea. Sufuria ikamshukia machoni. Akaisukuma kwa kidole polepole, kama alipanga. Akasema ile sentensi ya mabinti watatu. Sikusikia kicheko tena. Nilisikia mtu mmoja akigonga sakafu kwa fimbo, mara tatu.

Orpah alilia wazi. Akasema ni vumbi. Onyiego hakuja.

Linda amelala na ile nguo. Amekataa kuvua. Nimemwacha leo tu.

Jumapili, 2 Machi 2025

Bado anaivaa. "Leo tu" imekuwa siku ya tatu.

Naandika nikiwa jikoni, daftari kwenye dirisha, Kemunto kifuani. Wako nje sasa hivi. Wazee wanne wa ukoo, Onyiego upande mmoja, Abner upande mwingine, mikono nyuma. Mzee ana kamba na miche ya mkonge ya kupanda mpakani. Wameanzia barabarani.

Onyiego amesema tena habari ya mti wa avokado. Mzee Nyamweya, mkubwa wa ukoo, akatikisa kichwa kukubali. Abner amefungua mdomo – haki, amefungua! – akasema, "Baba, mimi pia nina watoto watatu." Maneno hayo tu.  Namjua, hiyo imemgharimu wiki nzima. Nimempenda upya.

 Mzee amegeuka upande wa nyumba yetu, akaita kwa sauti ile ya mkutano wa chifu:

"Walter! Toka nje!"

Wazee wanatazamana. Linda amepita mbio mlangoni hapa, chuma yake ya sweta, sufuria kichwani. Orpah yuko kwenye ua wake, amesimama na ndoo, haiweki chini. Mzee amempa Linda ncha ya kamba na mche mmoja wa mkonge.

"Tembea. Nikikuambia simama, hapo panda."

Onyiego anasema kitu. Mzee ameinua fimbo bila kumwangalia.

Linda anatembea. Anachechemea kama Baroni, mshenzi huyu! Bonareri anamfuata na ngao. Wamefika kwenye avokado. Hajasimama. Wameupita. Kamba inaendelea kutoka mkononi mwa Mzee. Sasa wako ndani ya chai, naona sufuria tu ikielea juu ya majani.

Mzee bado hajasema simama.